Kipimo cha Goti la Twiga

Mtaani humwita Mzee Randa, na wengi hudhani alikuwa seremala. Hakuwa. Alitunza stoo ya vipuri katika kampuni ya mabasi mpaka kampuni yenyewe ikafa. Useremala alijifundisha uani kwake, siku za mapumziko, pamoja na rafiki zake wawili: dereva mmoja mrefu waliyemwita Twiga, na fundi cherehani aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Hawakuuza hata stuli moja. Kila kilichotoka chini ya banda la bati la pale uani kiliingia katika nyumba zao wenyewe: vitanda vya watoto, kabati za vyombo, mlango wa jikoni, na viti, viti vingi.

Kazi waligawana tangu mwanzo na hawakubadilishana tena. Twiga alipima, fundi alikata, Randa alipiga randa na kuunganisha. Na kwa kuwa Twiga hakuwa na subira ya kutafuta tepu, urefu wa kiti aliupata kwa kusimamisha ubao kando ya mguu wake na kutia alama penye goti. Basi nyumba zote tatu zikajaa viti vya goti la Twiga. Mgeni akikaa, miguu inaning'inia kama ya mtoto anayesubiri sindano. Walitaniwa mpaka utani ukaisha ladha, na viti vikabaki vilevile.

Twiga alipofariki, banda likageuka pa kuwekea ndoo. Tena siku hizi nani anatengeneza kitu? Mguu wa meza ukilegea, mtu hatafuti gundi, anatafuta pa kuitupa meza. Wananunua kabati za unga wa mbao ulioshindiliwa, zikinusa maji zinavimba, halafu wanashangaa. Binti wa fundi naye aligawa viti vyote vya baba yake akamletea makochi. Makochi yenyewe ukikaa unazama.

Hayo makochi ndiyo yaliyomrudisha fundi uani kwa Randa. Mkewe alikuwa ametoka hospitali, nyonga imetiwa vyuma, na akizama kwenye kochi hainuki mpaka anyanyuliwe.

"Binti anakuja Jumamosi," fundi alisema. "Mama yake akiweza kusimama mwenyewe, tunabaki. Asipoweza, anatuchukua wote wawili, tukakae kwake chumba kimoja na wajukuu."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Kiti. Kigumu, chenye mikono ya kushikia."

Randa alitazama vidole vyake, vilivyopinda siku hizi kama mizizi ya tangawizi. "Kazi hiyo ilikuwa ya watu watatu."

"Wawili tupo. Au na wewe ulishakufa, hujaniambia tu?"

Hakuwa na nguvu ya kukataa. Fundi akiondoka, mtaa mzima hautakuwa na mtu wa kumsalimia asubuhi bila kumwita babu. Akatoa ndoo nje, akapangusa benchi, akaleta kiti pekee cha zamani kilichobaki nyumbani kwake ili wachukue kipimo.

Walifanya kazi kwa kupumzika zaidi ya kufanya kazi. Randa alisukuma randa mara chache, akashika kiuno, akakohoa vumbi. Msumeno wa fundi ulikuwa unakwenda kombo.

"Unakata au unachora mto?"

"Mbao yako imepinda."

"Mbao imenyooka. Kilichopinda ni jicho lako."

Zamani utani kama huo ungewachekesha na kuwapa kasi. Sasa ulikuwa wa kufunika pumzi zinazokatika. Lakini kiti kilitoka, na kilitoka vizuri: viungo vimebana, mikono laini kwa msasa, hakuna msumari hata mmoja. Randa alikipapasa, akakumbuka jinsi ilivyokuwa kuwa mtu wa maana.

Jumamosi wakakiweka barazani kwa fundi. Binti alikuwa ameshafika, amesimama na funguo za gari mkononi. Akamsaidia mama yake kukaa.

Miguu ikaning'inia.

Mama akashika mikono ya kiti, akajisukuma. Vidole vya miguu vilitafuta sakafu, havikuipata. Akateleza mbele, binti akamdaka kwapani.

"Umeona, Baba?"

Mama akamgeukia fundi, akihema. "Baba watoto, magauni yangu yote umenishonea wewe, hujawahi kunikosea hata kiuno. Kiti hiki umempimia nani?"

"Twiga," Randa alisema.

"Twiga yuko makaburini, shemeji. Anayekaa hapa ni mimi."

Binti aliziba mdomo asicheke. Fundi akavua tepu shingoni, tepu ambayo haikutoka shingoni pale wiki nzima, akapiga magoti kwa shida, akampima mkewe kutoka gotini mpaka kisiginoni. Wakakilaza kiti palepale barazani. Randa alishikilia, fundi akakata mguu mmoja mmoja, na safari hii msumeno haukwenda kombo.

Mama akakaa tena. Nyayo zikatua sakafuni. Akashika mikono ya kiti, akainama mbele, akasimama. Polepole, lakini alisimama mwenyewe.

"Umeona?" fundi alimwambia binti yake.

"Nimeona, Baba." Na kwa kweli alianza kutia funguo mkobani.

"Kimenifaa," mama alisema. "Kifungeni vizuri kisichubuke njiani."

"Njia ya wapi?"

"Kwa mwanangu. Mimi nakwenda." Alirudi kukaa, bila kushikwa. "Mlipanga nyinyi, mkabishana nyinyi, hakuna aliyeniuliza. Kusimama nimesimama. Nani atateka maji? Nani atainua sufuria? Wewe hata sindano siku hizi unatungiwa uzi na majirani. Nimechoka, mume wangu. Nataka kukaa mahali penye watu."

Fundi alimtazama Randa kama anayeomba neno. Randa alikuwa na hasira, lakini hakuona wa kumpa. Mwanamke alikuwa amesema ukweli. Akainua kiti upande mmoja, fundi upande wa pili, wakakipandisha juu ya gari na kukifunga kwa kamba.

"Utakuja kututembelea?" fundi aliuliza dirishani mwa gari, amekaa kando ya mkewe.

"Nitakuja."

"Mwongo wewe."

"Basi sitakuja. Mtunze shemeji."

Gari likaondoka. Baraza lilikuwa tupu, mlango umefungwa, na hapakuwa na kitu cha kukalia. Mzee Randa akajishusha kwenye ngazi, mkono ukutani. Kwake palikuwa karibu, lakini alihitaji kupumzika kwanza.