Kasisi Ndani ya Kasha la Unga

Miezi ya eda ya mama naikumbuka kama mchana mmoja mrefu wa usingizi. Mapazia yameshushwa, kiyoyozi kinavuma, harufu ya udi wa asubuhi bado imo kwenye mito. Nje milima ya mji wetu, Al Amerat, inaungua kwa jua, na mama, ambaye kama mjane hakuwa akitoka, amelala ubavu kaelekea ukutani. Tangu tumzike baba, alikuwa hasemi ila kuitikia salamu. Chakula alikigusa tu. Nilimwona akipungua, nikaogopa kwamba anamfuata mumewe taratibu, bila kumsumbua mtu, kama ilivyo tabia yake.

Mimi nafundisha fasihi ya Kiingereza chuoni, na muhula ule nilipangiwa vichekesho vya zama za kati: waume wazee, wake vijana, makasisi wenye tamaa, watu wanaokimbizana uchi gizani. Nilikuwa nikivisoma kando ya kitanda cha mama, maana sikuthubutu kumwacha peke yake. Siku moja kimya kilinichosha, nikaanza kumsimulia kimoja kwa Kiswahili, mwenyewe nusu nimelala.

Palikuwa na msaga ngano mzee mwenye mke kijana. Mzee akienda sokoni, kasisi wa mtaa hupita kumwombea mke dua ndefu. Siku hiyo mzee akarudi mapema, na mke akamsukumia kasisi ndani ya kasha la unga. Mzee akafungua kasha, akakuta kiumbe cheupe tangu nywele hadi kucha, akadhani ni malaika, akapiga magoti.

Hapo nikakata. Yanayofuata naweza kuyasoma mbele ya darasa zima bila kupepesa macho, lakini si mbele ya mama yangu. Nikasema kasisi alitubu, akaenda zake.

Kiyoyozi kikavuma. Nikadhani mama kalala.

"Na suruali?" akauliza, bado kaelekea ukutani.

"Suruali gani, mama?"

"Ya huyo kasisi. Hukusema kaivua, wala hukusema kaivaa. Unanificha nini, mwanangu? Kwani wewe nilikupata vipi?"

Uso uliniwaka moto. Mama akageuka, akaniangalia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Baba yako kila hadithi yake suruali ilisahauliwa mahala. Mara kwenye kamba, mara kwenye pembe za mbuzi."

"Baba?"

Baba yangu alikuwa mtu ambaye akiingia sebuleni tunashusha miguu na kuzima televisheni. Alituuliza habari za sala na mitihani, basi.

"Huyo huyo. Taa ikizimwa tu, anaanza. Mie nnauma mto nyinyi msinisikie."

Akajiinua, akaegemea mto, akaichukua hadithi yangu kwa sauti nzito ya baba. Mzee kapiga magoti, anamwomba malaika ampe mtoto. Malaika anasema, rudi sokoni, hayo niachie mie. Mzee anatoka mbio kwa furaha, mlangoni anakumbana na mbuzi kabeba suruali kwenye pembe zake. Anarudi nayo ndani. "Ewe malaika, nguo yako hii. Usije ukashikwa na baridi, na kazi bado iko mbele yako."

Mama alicheka kwa kujiziba mdomo, kisha mkono ukamshuka akacheka waziwazi, machozi yakimtiririka. Shangazi, dada wa baba, akachungulia mlangoni, uso umemkunjamana kwa kusikia kicheko ndani ya eda.

"Niache, wifi," mama akamwambia. "Nnamkumbuka mume wangu."

Halafu akaomba supu. Nilikwenda jikoni kuipasha, na nikiwa nimesimama mbele ya jiko nikaanza kulia. Nilikuwa nimeshamlia baba yule wa sebuleni, nikadhani nimemaliza. Huyu wa gizani, mwenye mbuzi wake, nilimjua siku ile tu, na hakuwepo tena nimwombe anisimulie.