Nilivyowafunika Kuku wa Ganshoren

Kuku hawakuwa wangu. Walikuwa wa madame, mwenye nyumba wetu, mjane aliyekaa juu na sisi tukakaa chini, kule Ganshoren, mtaa wa pembeni mwa jiji ambao marafiki zangu wa Matonge, kule katikati wanakokutana Wakongo wenzetu, waliuulizia kama nchi ya mbali, eti viza yake inapatikana wapi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bustani ndefu, na mwisho wa bustani banda la mbao lenye kuku sita wa kahawia. Marehemu mumewe ndiye aliyewafuga, kwa kujifurahisha. Alipokufa, magoti ya madame yakakataa kuinama mle bandani, akanishukia siku moja kuniuliza kama sisi watu wa Kongo tunajua kuku.

Nikamjibu kifua mbele kwamba nimezaliwa katikati ya kuku. Si uongo. Ila kule nyumbani Bukavu kuku walikuwa wa mama yangu, na kazi yangu mimi ilikuwa kuambiwa niache kuwakimbiza.

Septemba ya mwaka huo simu ikalia kutoka nyumbani. Mama amefariki, na wameshamzika. Nikasema asante. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akanisikia nasema asante kwa ile sauti, akajua. Watu walikuja, tukakaa matanga sebuleni siku tatu, wakaimba, wakala, wakarudisha viti tulivyoazima. Mimi nilikuwa naangalia viti vinavyotoka.

Baada ya hapo sikusikia kitu mwilini. Nilikuwa kama mguu ulioingia ganzi: unauona ni wako, ukiugusa ni wa mtu mwingine. Kazi sikuwa nayo wakati ule, na hata kabla ya hapo sikuwa mtu wa kutoka; kiti changu cha sebuleni kilikuwa kimeshachukua umbo langu, wala si kwa kificho. Kuku tu ndio waliobaki kunivalisha viatu. Saa moja asubuhi nilitoka, nikavunja barafu, ikiwapo, kwenye sahani yao ya maji, nikawamwagia chakula, nikaokota mayai, nikampandishia madame lake, nikarudi kitini. Mke wangu aliihesabu kuwa safari. Nilijua vizuri kwamba siku kuku wakiondoka, viatu navyo vitakaa chini ya kitanda.

Novemba mayai yakaanza kupungua. Matano, mawili, moja. Desemba, hakuna. Madame, aliyezoea yai la kuchemsha kila asubuhi, alishuka mpaka ngazi ya mwisho akaniambia bila ubaya wowote kwamba kuku asiyetaga anafuga panya tu. Tungoje hadi mwisho wa Januari, alisema, kisha binamu yake wa kijijini atakuja na gari kuwachukua. Binamu yule nilishamwona. Alijua jambo moja tu la kumfanyia kuku.

Bon. Mimi sikushtuka, maana nilijua la kufanya. Bukavu ina baridi yake, hasa mvua ikinyesha na upepo ukipanda kutoka ziwani. Siku kama hizo mama aliingiza kuku jikoni mapema, akawafunika kwa kapu kubwa karibu na mafiga, juu ya kapu gunia, juu ya gunia kitenge chake cha zamani. Chakula chao alikichanganya na maji ya moto na pilipili kidogo. Asubuhi anafunua, kuku wanatoka wakilalamika, na mayai yapo. Walitaga mwaka mzima.

Donc nikafunika. Blanketi la kwanza juu ya paa, la pili mbele ya mlango, zulia kuukuu upande wa upepo. Kidirisha cha banda nilikiziba kwa katoni, maana hapo ndipo baridi ilipoingilia. Nikawapikia uji wa mahindi wenye pilipili. Nikawapaka vaselini kwenye vilemba vyao vyekundu, kwa sababu madame alisema vilemba huumwa na barafu.

“Papa,” mke wangu akaniambia, “ile vaseline ni ya miguu yangu.”

“Nitakurudishia.”

“Na manyoya ndani ya kopo? Na ile couverture ya kitanda yetu? Mimi, mara ya mwisho umenifunika, ilikuwa mwaka gani?”

Marafiki wa Matonge nao, habari ilipowafikia, walinipigia simu kuuliza kama kuku wangu wameshapata karatasi za kukaa, na kama wakili wao ni mimi.

Hawakutaga. Banda lilikuwa na joto zuri, giza zuri na harufu mbaya. Nikaongeza blanketi.

Wiki ya kwanza ya Januari barafu ya bustanini iliyeyuka kidogo, madame akashuka na fimbo yake kuja kuwaangalia mwenyewe. Ilikuwa saa sita mchana. Nikamfunulia mlango kwa fahari, blanketi moja, la pili, kama mtu anayefungua zawadi. Akaingiza kichwa. Kisha akaomba tochi.

“Monsieur,” akasema, “kwa nini umewafungia ndani ya usiku?”

Nikamweleza habari ya baridi. Akanieleza, taratibu, kama anavyoongea na daktari wake asiyesikia, kwamba kuku anavaa koti tangu kuzaliwa, baridi haimpi shida kubwa. Kuku anataga kwa mwanga. Siku ikiwa fupi anapumzika, na siku za hapa Desemba ni fupi kuliko zote. Mumewe alikuwa anawatundikia taa, inawaka tangu alfajiri ili siku irefuke. Na mimi ile siku fupi nimeichukua nikaimalizia kabisa.

Nikabaki na blanketi mikononi. Kwetu jua ni mfanyakazi mwaminifu: saa kumi na mbili linaingia kazini, saa kumi na mbili linatoka, Januari hadi Desemba. Majira sita ya baridi nilikuwa nimeona giza la hapa likiingia saa kumi na nusu, nikalichukulia kama tabia mbaya ya nchi. Haikunipitia akilini kwamba na kuku wanaliona.

Madame alipanda zake. Mimi nikaanza kuvua mablanketi, na kazi hiyo ilinishinda katikati. Kumzika mama sikumzika. Kuwafunika kuku kama alivyofanya yeye ndicho kitu pekee nilichomfanyia tangu Septemba, na kumbe hata hicho kimewadhuru. Kila nilipovuta blanketi niliona ni kama namwambia hakujua kitu.

Mke wangu alitoka na koti lake juu ya kanga, akanikuta nimesimama. Nikamwambia alichosema madame. Akashika ncha ya pili ya blanketi tulikunje.

“Mama yako hakukuwa na hii giza,” akasema. “Angekuwa hapa, ampoule ingekuwa imeshawaka zamani. Na wewe angekuwa amekufukuza kwa banda.”

Nikangoja nione kama nitalia. Nilisimama kama mtu kituoni anayetazama upande basi linakotokea. Halikuja. Tukakunja la pili.

Siku hiyohiyo nikang'oa katoni, nikafuta kidirisha, nikavuta waya wa umeme kutoka dirisha la jikoni mpaka bandani, nikatundika taa yenye saa ya kuiwasha yenyewe saa kumi na moja alfajiri. Dirisha halikufunga tena vizuri juu ya waya. Mke wangu alipika wiki tatu amevaa kofia, akisema sasa kuku wana mwanga na sisi tuna baridi yao.

Yai lilikuja siku mbili kabla ya tarehe ya binamu. Dogo, na damu kidogo kwenye ganda. Nililipandisha kwa madame likiwa bado na joto. Akaligeuza chini ya miwani yake, akasema basi, atampigia binamu asije. Akaniuliza kama nimefurahi. Nikasema nimefurahi sana, kwa adabu, kama unavyomwambia daktari kwamba hapaumi.

Nikashuka. Mke wangu alikuwa jikoni na kofia yake.

“Amesema nini?”

“Wanabaki.”

“Na wewe?”

Nikainama nifungue kamba za viatu.

“Na mimi nabaki.”

“Alors usivue viatu,” akasema. “Mkate umeisha. Enda ununue.”

Duka la mkate lilikuwa kona ya pili. Nilikwenda.