Benchi la Stesheni ya Mnyuzi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nikimwona mwalimu kijana ameshika fimbo. Nilikuwa darasa la sita hapa hapa Mnyuzi, miaka ile ya Ujamaa, na nilikuwa mtoro. Si mtoro wa kutwa. Treni ya kutoka Tanga ilipokaribia tu, nilichoropoka darasani nikakimbilia stesheni kutazama madirishani.

Mama yangu alikuwa amepewa talaka, akarudi kwao Tanga. Nyumbani baba hakutaka hata atajwe. Mimi niliamini kwamba siku atakayokuja, asiponikuta pale stesheni, atadhani hatumtaki na ataendelea na safari. Akili za mtoto hizo, lakini ndizo nilizokuwa nazo.

Treni ilipita saa ya kipindi cha Kiingereza. Siku hiyo nilikamatwa kabla haijafika, na mwalimu mkuu alikuwa amechoka nami. Alisema mbele ya walimu wote kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kwa hiyo nichapwe, na nikirudia nifukuzwe shule. Methali ile ni ya kweli, wala siipingi, ila kumtupia mtoto ambaye mama yake hayupo ni kumtia chumvi kwenye kidonda. Fimbo akamkabidhi Mwalimu Hiza, aliyetufundisha Kiingereza.

Mwalimu Hiza alikuwa Mshambaa, mpole wa sauti, mpenda maneno kupita kiasi. Neno likimnasa atalifukua mpaka mzizi, hata kengele ilie, na sisi tulimcheka sana kwa hilo. Aliniuliza nafuata nini stesheni. Nilipomweleza, aliiegemeza fimbo ukutani, akasema twende.

Tuliketi kwenye benchi. Treni ikaja, watu wakashuka na vikapu vyao, ikaondoka. Mama hakuwemo. Nililia, naye akaniacha nilie mpaka nikanyamaza mwenyewe.

Kisha akasema, "Neno la Waingereza la kuadhibu limezaliwa tumbo moja na neno lao la maumivu. Maumivu unayo tayari, sitakuongezea. Lakini wanalo jingine, disiplini, yaani nidhamu. Hilo walilipata kwa Walatini, na mzizi wake ni mwanafunzi. Sasa niambie, mimi ninaye mwanafunzi au sina?"

"Unaye, mwalimu."

"Basi turudi tukasome. Mama akija akukute umekuwa mtu."

Alimwambia nini mwalimu mkuu, sikujua. Sikuchapwa, wala sikufukuzwa. Ila Mwalimu Hiza alinihamishia dawati la dirishani, panapoonekana reli, na kila treni ilipopita alinyamaza kidogo katikati ya somo, akaningoja nitazame. Sikutoroka tena.

Miaka ikaenda. Mwalimu Hiza alihamishiwa Handeni, na huko ndiko alikofia. Mama alikuja siku moja, nami nimekwisha kuwa mwalimu. Alishuka kwenye treni ile ile, kazeeka, akanishika mikono akaniuliza ni nani aliyenilea. Nilitazama lile benchi. Nilitamani Mwalimu Hiza awe ameketi pale nimwoneshe kwamba mama amekuja. Mpaka leo nina hamu naye, hata anikemee tu nisikie sauti yake.

Basi mwanangu, unapokwenda Kerenge kuanza ualimu, sikukatazi kukemea. Samaki mkunje angali mbichi. Ila kabla hujamwongezea mtoto maumivu, muulize anayo kiasi gani. Mfuate alipo, keti naye, ndipo umrudishe darasani, maana mtoto usiyemfanya mwanafunzi wako atakuogopa tu, hatakusikiliza.

Nenda salama. Mungu akupe subira na wanafunzi wa kukukumbuka, na siku utakapokosea wewe, akujalie mtu wa kuketi nawe benchini kabla hajakuhukumu.