Siku Nilipoomba Mvi Zififie

Jumamosi iliyopita wakwe walikuwa wanakuja kwetu Makongeni kumposa binti yangu Mwende, nami nilitaka waone baba wa kuheshimika. Kilichonisumbua ni mvi, kwa hiyo asubuhi nikaenda kwa kinyozi kutiwa rangi.

Mimi hujifunza Kiingereza kwa kamusi kila jioni, na juma hilo nilikuwa kwenye maneno ya kutoweka polepole. Daftari langu lasema “dwindle” ni la idadi, “wane” ni la mwezi, na “fade” ni la rangi.

“Mzee, nikupige fade?” kinyozi akauliza.

Nilifurahi mno. Mvi kutoweka polepole, bila majirani kushtuka! Nikamsifu kwa kuchagua neno sahihi.

“Asante, mzee. Low ama high?”

Nikadhani anauliza kiwango cha kazi. “High,” nikajibu. “Mimi si mtu wa kazi duni.”

“Mzee, wewe ni mnoma!” akanisifu kwa lugha ya vijana, akawasha mashine.

Nilifumba macho nikingoja rangi. Nilipoyafumbua, mvi zilikuwa zimetoweka kweli, pamoja na nywele zote za kando. Utosini kilibaki kichaka. Kumbe kwa vinyozi “fade” ni mtindo wa vijana wa kunyoa kando, na “high” ni kuupandisha hadi karibu na utosi.

Niliwapokea wageni nikiwa na kofia. Kisha mke wangu akaniomba nifungue kwa sala, ikabidi niivue. Shangazi wa kijana aliyekuja kuposa akanitazama, akamtazama kijana wao aliyenyolewa vivyo hivyo, akamgeukia mke wangu.

“Mama Mwende, mbona hamkutuambia kuna mposaji mwingine?”