Goti Lisilotoka Damu

Goti langu la kushoto halikunjiki. Wakati wa swala naketi kwenye kiti, na wajukuu wanadhani ni uzee. Si uzee. Nilikuwa sijatimiza hata miaka ishirini na mitano liliponiharibikia, na mpaka leo nikiligusa, kitu cha kwanza ninachokumbuka si maumivu. Namkumbuka mama yangu, na jinsi nilivyotamani kufika Elwak.

Niliolewa nikaletwa Garissa, sehemu ambayo siku hizi inaitwa Waberi. Kila mtu aliniambia nina bahati kwa sababu mto Tana uko karibu na maji hayaishi. Ni kweli, maji yalikuwepo, na mbu pia. Mimi niliyataka maji ya visima vya kwetu, mazito, yanayoacha chokaa kwenye birika. Nilitaka kumsikia mama akiwagombeza mbuzi wake asubuhi kwa matusi ambayo hakuwahi kumtukana binadamu. Nilitaka anisuke huku akilalamika kwamba kichwa changu kigumu. Mume wangu alikuwa mtu mpole, na kila akiniona nalia alikwenda kununua nyama. Mwaka ule nilikula nyama nyingi sana.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta. Huwezi kwenda kaskazini bila pasi ya serikali, na malori yalisafiri kwa msafara, askari mbele na nyuma, kwa sababu mengine yalikwisha kukanyaga mabomu yaliyofukiwa njiani. Siku moja dereva wa lori la tajiri mmoja mwenye duka aliniletea salamu kutoka Elwak. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, anaumwa kifua. Hali chakula. Anataka kuniona.

Mume wangu alihangaika mpaka akanipatia pasi. Asubuhi ya safari nikapanda lori lile lile, juu ya magunia ya sukari, mguu mmoja ukiwa bado umenasa kwenye kamba ya kupandia. Dereva hakuangalia nyuma. Aliondoa gari ghafla, nikaanguka. Mwili wote ulizunguka, goti likabaki lilipokuwa, na ndani yake nikasikia kitu kikikatika. Dereva alishuka, akanitazama, akaona sina damu.

"Huna kitu, abaayo," akasema, yaani dada. Msafara haungoji mtu, akaondoka.

Nililia pale chini mpaka wanawake wakaja kuninyanyua. Walidhani nalilia goti.

Bibi mmoja aliyejua kuunga mifupa alinipapasa kwa mafuta ya ufuta, akasema mfupa mzima, ila kano imechanika. Afadhali mfupa, alisema, unajua siku zake. Kano ina kiburi. Jirani yangu Mpokomo, aliyekuwa akiuza ndizi za shamba lao la mtoni, ndiye aliyenifundisha neno lake kwa Kiswahili. "Umeteguka, dada," aliniambia. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha sokoni, maneno kama thelathini, nusu yake bei.

Dereva aliporudi alikuja kuniangalia, akiona haya. "Nimemwambia hooyo umeumia mguu, utakuja safari ijayo," akasema. Nikamsamehe hapo hapo.

Tajiri wake ndiye sikumsamehe. Kwetu mtu akiumizwa, ukoo wake hudai fidia, na fidia hulipwa kwa mifugo. Wazee wanajua kiwango cha kila jeraha: la ngozi, la nyama, lililofika kwenye mfupa. Wakwe zangu walipeleka dai. Tajiri akaja mbele ya wazee na kofia yake iliyopambwa vizuri, akauliza swali moja tu: damu iko wapi? Halafu akaongeza kwamba nilikuja kwenye lori lake tayari nachechemea.

Wazee wakaniambia nitembee. Nikatembea.

"Hata mbuzi wangu akitaka anachechemea," tajiri akasema.

Mzee mmoja akawakumbusha wenzake kwamba, hata hivyo, fidia ya mguu wa mwanamke ni nusu ya fidia ya mguu wa mwanamume. Hapo mdomo wangu ulinishinda. "Adeer," nikamwita kwa heshima, kama baba mdogo, "hiyo nusu ni ya juu ya goti au ya chini?" Mume wangu akakohoa sana.

Nikawaambia sitaki mifugo. Nataka lori lililoniangusha linifikishe kwa mama yangu, basi. Walinitazama kama mtu aliyeomba alipwe kwa upepo. Hawakuwa watu wabaya. Walisema kwanza lazima mwenye lori akiri, au jeraha lionekane. Goti lisilotoka damu halina shahidi ila muda. Turudi baada ya mvua, tuone kama bado nachechemea.

Baada ya mvua! Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kuvunja vyungu. Kifua cha mama hakikuwa kikisubiri mvua.

Lori lilikuwa liondoke tena siku ya Alhamisi, na dereva aliniahidi nafasi mbele, karibu naye. Nilichokosa ni pasi mpya. Mume wangu alikuwa mnadani, amepeleka ng'ombe, kwa hiyo nikaamua kwenda afisini mwenyewe. Nilichechemea njia nzima nikirudia lile neno la jirani, teguka, teguka, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayehifadhi sura.

Karani alikuwa kijana wa bara, mwenye adabu. Akaniuliza shida yangu.

"Nataka basi ya Elwak," nikasema. Ulimi wetu haupendi ile herufi ya kwanza ya pasi.

Akacheka. "Mama, hapa hakuna basi. Ahaa, pasi! Si ulipewa moja?"

"Ile naisha. Mimi nilitega barabarani."

Kicheko kikakatika. Askari aliyekuwa ameegemea mlango akasimama wima.

"Ulitega nini?" karani akauliza polepole.

Nilidhani ananiuliza ni gari gani. "Lori," nikamjibu. "Lori ya tajiri." Na ili asiwe na shaka, nikainua gauni kidogo nikamwonyesha goti langu lililofungwa matambara.

Msomaji anayejua Kiswahili ameshacheka, au ameshaogopa. Kwa kuacha silabi moja nilikuwa nimekiri mbele ya serikali kwamba nimetega bomu. Mimi sikuelewa kitu. Niliona tu bunduki, na mkono ukinishika bega, na nikazidi kupiga kelele neno lile lile nikidhani hawajalisikia vizuri.

Nililala ndani siku mbili, na lori la tajiri nalo likazuiwa. Asubuhi ya tatu, ndiyo Alhamisi yenyewe, tajiri alikuja mbio, kofia mkononi, na wazee wawili wa lile baraza nyuma yake.

"Walahi huyu mama hakutega kitu," akasema mbele ya karani. "Aliumia kwa lori yangu. Dereva wangu aliondoa gari, yeye hajakaa. Mguu yake ilikuwa mzima kabisa."

Neno alilolimeza kwa wiki tatu alilitema mara moja. Mzee aliyekuwa amenikata mguu nusu akaniangalia, akatikisa kichwa. Shahidi alikuwa amepatikana. Karani naye alilipata neno langu la kweli, akaliandika kwenye karatasi, akaniomba radhi. Nikamwambia sawa, sasa nipe pasi, lori linaondoka. Akainamisha macho. Mtu ambaye jina lake limeingia kwenye kitabu cha washukiwa hawezi kupewa pasi mpaka barua irudi kutoka Nairobi. Si yeye aliyeamua, alisema, na namwamini.

Msafara uliondoka kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa afisi, na dereva aliponiona alipunguza mwendo, akainua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani, nami nikainua yangu.

Wazee walikata kesi wiki iliyofuata: ngamia jike mmoja, na safari moja ya Elwak wakati wowote pasi itakapopatikana. Watu walikuja kunipongeza. Mwanamke kulipwa kwa goti lisilotoka damu lilikuwa jambo geni, na mume wangu alilisimulia kila mahali. Mimi niliwapikia chai wageni nikaenda kulia nyuma ya nyumba. Barua ya Nairobi ilichukua miezi miwili. Habari ya msiba ilifika kabla yake.

Nilipofika Elwak, mama mdogo, yule anayemfuata mama, alinikalisha akanieleza. Mama alikuwa na uhakika na ahadi ya dereva. Siku lori lilipotarajiwa alitaka avalishwe nguo safi, na akaomba abebwe mpaka pale malori yanaposimama. Wakamketisha kwenye mkeka. Abiria wakashuka mmoja mmoja, na kila mara mtu alipoinama kumsalimu alimsogeza kwa mkono asimzibe. Dereva aliogopa kumkaribia.

"Msimharakishe," mama alikuwa akiwaambia. "Mguu wake unamuuma, acheni ashuke pole pole."

Walikwisha kushusha hata magunia, na bado alikuwa akitazama juu ya lori.