Mkutano mkuu unakuja, Méthode anaiachia robot njia panda yake

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Méthode Nkeshimana anasimama katikati ya njia panda ya Bertrams, mtaa mmoja kutoka uwanja wa Ellis Park, akiwa amevaa glavu nyeupe. Anainua mkono wa kushoto taratibu, kama mtu anayefungua pazia asiamshe aliyelala. Teksi sita, ndizo daladala za hapa, zinazotoka upande wa Hillbrow zinasimama. Kisha mkono wa kulia unafunguka, na magari ya upande wa pili yanaanza kuteleza, moja baada ya jingine, bila honi.

Juu ya kichwa chake robot, kama wanavyoziita taa za kuongozea magari hapa Johannesburg, haina rangi yoyote. Vioo vyake vitatu vina vumbi la muda mrefu. Jua la Novemba linapovigusa, kwa sekunde chache vinaonekana kama vinataka kuwaka, halafu vinazimika tena.

"Sharp, baba!" dereva wa teksi anampungia. Sarafu inatupwa, Méthode anaidaka bila kushusha mkono ulioyazuia magari.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Rumonge, Burundi, na huko aliongoza kwaya ya kanisa kwa miaka saba kabla ya kukimbia. Glavu ni zilezile alizokuwa akivaa sikukuu, zimeshonwa upya vidoleni na mkewe, Gaudence.

"Teksi ni sauti ya nne, besi," anasema, akiwa amekaa ukingoni mwa barabara wakati magari yamepungua. "Zinanguruma, lakini ukizipa nafasi yake zinatulia. Magari madogo ni soprano, yanapenda kukimbilia mbele. Lori unaliheshimu. Ukilikata katikati, wimbo wote umeharibika."

Anasema siku nyingine akiwa pale katikati husahau kabisa kwamba yuko barabarani. Anaona kitu kikubwa kinapumua, kinavuta upande huu, kinatoa upande ule, naye amekiwekea mkono kifuani.

Siku nzuri hurudi nyumbani na randi mia na themanini. Siku ya mvua hata hamsini hazifiki, kwa sababu madereva hawafungui madirisha.

Robot ya njia panda hii imetengenezwa mara tatu, na mara tatu wezi wamechimba nyaya zake na kuondoka nazo. Mara ya mwisho ilikuwa miaka minne iliyopita. Wakati huo Méthode alikuwa akilinda magari ya watu kandokando ya mtaa. Siku moja teksi mbili zilikutana uso kwa uso, madereva wakashuka kutukanana, na bibi mmoja mwenye fimbo akabaki katikati hajui aende mbele au arudi.

"Niliingia kumtoa yule bibi tu," anakumbuka. "Nikainua mkono. Magari yakasimama. Kweli nilishangaa kuliko wao."

Tangu siku hiyo hajatoka. Isipokuwa siku moja.

Ilikuwa Septemba, miaka miwili iliyopita. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa inaisha muda, akaondoka alfajiri kwenda Pretoria kupanga foleni ya kuiongezea muda. Aliporudi saa tisa mchana, aliona watu wamejaa kwenye njia panda na gari la wagonjwa linaondoka. Ndani yake alikuwamo Chloé, binti wa miaka kumi na moja wa Jocelyne, mama Mkongo anayeuza maandazi na chai kwenye kona hiyohiyo. Gari dogo lilimgonga akitoka shule. Mguu ulivunjika sehemu mbili.

Sasa Chloé anatembea. Baridi ikianza huchechemea kidogo.

Jocelyne hakuwahi kumlaumu Méthode. Kila asubuhi humpelekea chai kwenye kikombe cha bati, na mambo ya siku ile hawayagusi.

Mwezi wa nane mwaka huu zilianza kusikika habari kwamba chama kimoja kikubwa cha siasa kinatafuta mahali pa kufanyia mkutano wake mkuu wa Desemba. Wajumbe elfu nne, siku tano, na maeneo ya karibu na uwanja yalikuwa yakifikiriwa. Ikiwa wangekuja, barabara zote za kuingilia zingewekewa taa mpya, na robot zingetengenezwa na kulindwa. Pia wachuuzi wote wa kandokando wangeondolewa kwa wiki nzima.

Bertrams ikagawanyika. Kwenye salon, kwenye spaza, vile viduka vya mtaani, hata baada ya ibada, hapakuwa na mazungumzo mengine. Wenye vyumba vya kupangisha waliuona mkutano kama mvua iliyochelewa. Wachuuzi waliuona kama fagio.

"Wageni wa siku tano wanafagiliwa njia," Jocelyne alikuwa akiwaambia wateja wake, "na sisi wa siku zote ndio takataka yenyewe."

Pitchou, fundi wa simu kutoka Uvira ambaye duka lake linatazamana na meza ya maandazi, alimjibu kutoka mlangoni. "Mama Chloé, wajumbe elfu nne, kila mmoja na simu mbili! Acha hata mia moja tu ziangukie chooni, miye nanunua kiwanja kwetu."

"Nawe utaanguka na tamaa yako."

Waandaaji waliomba maoni ya wakazi kwa maandishi. Basi Jumamosi moja ya Oktoba, mchana, kamati ya mtaa iliitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa Bi Thokozile, nesi mstaafu aliyezaliwa Bertrams na asiyependa maneno mengi. Mtu mmoja nyuma alipolalamika kwamba ukumbi umejaa wageni wasio na haki ya kupiga kura, alimtazama juu ya miwani.

"Leo tunahesabu miguu inayovuka barabara hii," alisema. "Vitambulisho tuviache nyumbani."

Mazungumzo yalichukua saa mbili. Ilipofika habari ya robot, kijana mmoja alinyoosha kidole kwa Méthode, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. "Muulizeni huyo kama anataka robot iwake! Ikiwaka, yeye anakula nini?"

Watu wakacheka. Méthode naye akatabasamu, kwa sababu ni jambo alilokuwa akijiuliza wiki sita usiku na mchana. Gaudence, anayesuka nywele Hillbrow, alikuwa amemsihi asiseme lolote. "Kaa kimya, Papa Sonia," alimwambia asubuhi ile, akimwita kwa jina la binti yao. "Wakikataa mkutano, tunaendelea kula. Wakikubali, si wewe uliyewaita."

Lakini Bi Thokozile alimwita mbele.

Alizungumza kwa Kizulu chake cha barabarani, polepole, akitafuta maneno. Waliokuwapo wanasema ukumbi ulitulia kama magari yanavyotulia mbele yake.

"Ni kweli, robot ikiwaka mimi sina kazi," alisema. "Nina mtoto mmoja na chumba cha kulipia. Lakini mimi ni mtu. Naugua. Naitwa Pretoria. Robot haiendi Pretoria kupanga foleni. Siku nilipoondoka, mnajua nini kilitokea hapa."

Hakutaja jina la mtoto. Hakumtazama Jocelyne.

"Mkutano wao siujui. Siasa yao siijui. Ninachojua, kama ndio wenye kuleta hizo taa, waje. Na wenye meza wapewe pahali pengine pa kuuzia hiyo wiki, wasifukuzwe tu."

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliotaka mkutano walikuwa themanini na wanne, waliokataa sabini na tisa. Barua ikaandikwa, na ombi la wachuuzi likawekwa mstari wa pili. Mpaka leo ombi hilo halijajibiwa.

Jocelyne hakuwamo kwenye hesabu yoyote.

"Hiyo robot nilikuwa naitaka," anaeleza, huku akigeuza maandazi kwenye mafuta. "Kuondolewa nilikuwa nakataa. Sasa mkono ni mmoja. Niliuacha kwenye mapaja."

Alipotoka ukumbini siku ile, alimkuta Méthode nje. Kwa mara ya kwanza akamwambia, "Papa Sonia, haikuwa kosa lako." Méthode alijibu kwamba anajua. Kisha akakaa kwenye ngazi za kanisa kwa muda mrefu, glavu zikiwa magotini.

Mwanzoni mwa Novemba ilitangazwa kwamba wajumbe watakuja Bertrams. Siku mbili baada ya asubuhi ile ya glavu na teksi sita, mafundi wawili wakafika na ngazi, koleo na mzigo wa nyaya mpya. Walihitaji barabara ishikwe wakati wanachimba. Yule mkubwa akauliza nani huongoza magari hapa.

Hivyo kwa siku mbili Méthode aliyazuia magari ili robot itengenezwe.

"Papa Sonia!" Pitchou alimpigia kelele kutoka dukani. "Nimeona watu wengi, lakini anayechimba kaburi la kazi yake na glavu nyeupe, huyo ni wewe wa kwanza!"

"Endelea kusema," Méthode alimjibu, "nitayaelekeza malori yote mlangoni kwako."

Ijumaa saa nane na nusu mchana, nyekundu iliwaka. Ikabaki hapo kidogo, imeiva kama tunda, halafu kijani ikachukua zamu. Watu walipiga makofi. Wenye magari walipiga honi za furaha, jambo ambalo Méthode hakuwahi kulivumilia, safari hii akaliacha lipite.

Jocelyne hakupiga makofi. Alilifunika karai lake, akamshika Chloé mkono, wakasubiri ishara ya waendao kwa miguu. Wakavuka. Walipofika ng'ambo wakageuka, wakasubiri tena, wakarudi. Walifanya hivyo mara tatu.

Jioni ile nyumbani kulikuwa na hofu nyingine. "Nyaya zikiibwa tena," Gaudence anasema, "mlango wa kwanza kugongwa ni wetu. Watasema ni nani mwingine anayefaidi robot ikizimika?" Ndiyo maana Méthode alikwenda mwenyewe kwa Bi Thokozile na kumwomba kamati ipange watu wa kuangalia mfuniko wa nyaya kila siku, hata baada ya wajumbe kuondoka. Majina kumi na mawili yameshaandikwa. Lake ni la kwanza.

Marafiki wamemwambia kuna njia panda Rosettenville, mbele ya duka la mikate la Mreno, ambako robot imekufa tangu Pasaka na hakuna anayeongoza. Angeweza kuanza hata kesho. Amekataa.

Januari anataka kusoma kozi ya ulinzi ya wiki mbili. Ada yake Gaudence ameanza kuiweka kando kutoka kwenye vichwa anavyosuka. Méthode anasema ameshachagua hata aina ya mlango: duka la kawaida, lisiwe benki.

"Mlango wa duka, siku mlinzi hayupo, unafungwa tu," anasema. "Ninatafuta kazi ambayo nikiwa kwenye foleni zangu, hakuna mtoto anaumia."

Jumatatu asubuhi anampeleka binti yake, Sonia, shuleni. Wanasimama ukingoni pamoja na watoto wengine. Kijani ya magari inawaka, lakini teksi ya mbele haiondoki. Dereva amemtambua. Ametoa kichwa dirishani, anamtazama Méthode, anasubiri.

Nyuma honi zinaanza.

"Papa," Sonia anamwambia kwa Kizulu, "anakungoja wewe."

Méthode anaingiza mikono yote miwili mifukoni na kutazama pembeni, mpaka anaposikia teksi inaondoka.