Kabla ya Kuipasua Mbabula

Ipo siku moja ya miaka ya Zaire, mwanangu, ambayo hunirudia nzima nzima kila nikiwaona ninyi vijana mnatoka maabara na furaha ya jibu la haraka. Nilikuwa mwanafunzi wa biolojia hapa Bukavu, nami nilisimama mbele ya profesa wetu kwa mtihani wa mdomo. Nikifaulu, ningeendelea na licence, yaani shahada. Nikianguka, baba alikwisha kunitafutia nafasi ya kufundisha shule ya msingi kule Mudaka, na moyo wangu haukuwa huko.

Profesa alikuwa mzee wa Idjwi, mpole, abakosti yake, lile koti rasmi la wakati ule, imepigwa pasi hadi ukosi. Alikuwa na desturi ya kuacha mlango wazi, hivyo wenzangu waliongoja zamu barazani walisikia kila neno. Sisi wasichana, kwa sheria za wakati ule, tulivaa vitenge. Angalau mwenye hofu alikuwa na mahali pa kufutia jasho la viganja.

Aliniuliza: kirusi kinachobadilisha ganda lake kila mara, tukizuie vipi? Swali hilo nililipenda. Nilieleza kwamba kirusi huingia katika seli mikono mitupu. Hakina vyombo vya kujizalishia. Huazima protini za seli yenyewe, hii ya kuingilia, ile ya kunakilia urithi wake. Na kwa kuwa chenyewe hubadilika upesi na kuikwepa dawa iliyokilenga, ilhali protini za mwenyeji hubaki zilivyo, basi tuziharibu hizo, kikose pa kushika. Nilihitimisha kwa sauti ya kufika barazani.

Profesa akavua miwani.

“Citoyenne,” akaniita, kama raia wote wa kike walivyoitwa enzi hizo, “mbele kirusi haijaingia, ile protini ilikuwa inafanya kazi gani?”

Nikapekua kichwani kurasa zote nilizokariri.

“Professeur, hiyo haiko mu kozi.”

“Haiko mu kozi, lakini iko mu mwili yako.”

Barazani walicheka, na mimi nikaanza kuiona Mudaka. Mzee hakucheka. Aliniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu hatukuwahi kuwa na tonton, yaani mjomba, wa kuja bila sufuria, akaketi kando ya mbabula, jiko la makaa la maman, na kujipikia kila jioni. Nilikiri kwamba tulikuwa naye, tena wa Kamanyola, mwenye hamu kubwa ya bugali.

“Basi mulipasua mbabula?”

“Hapana, professeur. Batoto bangekula nini?” Nilipokwisha kusema hivyo, kitu kikafunguka. “Maman anazimishaka makala. Sisi, anatupatia viazi vyenye vilibakia asubuhi. Tonton anangoja, anachoka, anaenda. Kiisha maman anawasha tena.”

Mzee akarudisha miwani yake. “Sasa ndiyo unaanza kujibu.”

Kisha akanifafanulia, taratibu, kama mtu asiye na foleni mlangoni. Zipo protini ambazo seli inaweza kukaa bila kazi yake kwa muda, au ikatumia nyingine badala yake. Hizo zinafaa kulengwa. Zipo nyingine ambazo ukizifunga, mgonjwa na kirusi chake mtawazika pamoja. Kuzipambanua, na kujua uzime kiasi gani na kwa muda gani, ndiyo kazi yenyewe. Alinipa alama za kufaulu, pungufu kuliko nilizojiahidi, na wenzangu wakanipa jina la Maman Mbabula, nililolibeba mpaka nikahitimu. Tonton, nilipomsimulia, alicheka kuliko wote, akauliza kama viazi vimebaki.

Mwanangu, wewe leo unatafuta dawa kwa kulenga kile ambacho kirusi hukiazima mwilini. Njia hiyo ni nzuri, nami nafurahi kukuona ndani yake. Lakini kabla hujaifunga protini yoyote, ijue kazi yake ya siku za afya: inamlisha nani, na nani atalala njaa ikizimwa. Adui akiondoka, lazima mwenyeji abaki mzima, la sivyo hukutibu. Na pale kozi yako inapoishia, usione haya kuanza kuuliza.

Mungu akupe jicho la kuona pande zote mbili za jambo, akupe mikono isiyo na papara, na akujalie wagonjwa watakaoamka asubuhi wakiomba chai.